Njiwa wawili wa Ravenna: shajara ya nakala moja ya mozaiki

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimelibomoa bamba la kwanza. Jumamosi saba za kazi zimerudi kwenye ndoo, vipande vimeoshwa na kutengwa upya kwa rangi.

Kwa anayeanza kusoma hapa: nanakili njiwa wawili wanywao maji kwenye bakuli, walioko chini ya dirisha la juu katika kile kinachoitwa kaburi la Galla Placidia, mjini Ravenna, Italia. Bamba ni sentimita 60 kwa 60. Likikamilika litasafiri hadi kigango chetu, nje kidogo ya Tanga, likae ukutani juu ya kisima cha ubatizo. Mimi ni fundi vigae. Miaka kumi na mmoja sasa nalaza vigae vya mabafu na majiko ya watu wa hapa, na kazi yangu husifiwa kwa jambo moja: weka pimamaji popote upendapo, kiputo hakitoki katikati.

Hilo ndilo lililoliua bamba. Nilivilaza vipande vyote sawasawa, ukipitisha kiganja hukwaruziki. Mwalimu alizima taa za karakana, akawasha mshumaa, akaupitisha polepole mbele ya kazi yangu kutoka kushoto kwenda kulia. Bamba zima liliwaka kwa pamoja, kisha likazimika kwa pamoja, mithili ya kioo cha dirisha lori linapopita usiku. Hakunilaumu. Alichukua koti lake, akasema twende.

Januari hakuna foleni. Msimu wa wageni mtu hupewa dakika tano tu mle ndani, lakini leo tulikaa karibu saa nzima. Kwa nje ni matofali matupu, kijengo cha umbo la msalaba ambacho upande wake mrefu haufiki mita 13. Ungeweza kukipita ukidhani ni ghala. Ndani sakafu imeinuliwa karibu mita moja na nusu, kwa kuwa mji huu umejengwa kwenye kinamasi na unadidimia. Kwa hiyo sisi wa leo tunaiona mozaiki ikiwa karibu na vichwa vyetu kuliko mafundi walivyokusudia. Hata mwanga si ule wao hasa: mabamba ya alabasta yanayoupa rangi ya asali yaliwekwa madirishani mwanzoni mwa karne ya 20. Na huyo mwenye jina, Galla Placidia, binti wa mfalme Theodosius wa Kwanza, alifia Roma mwaka 450, na wanahistoria wengi wanaona hakuzikwa hapa. Jina limebaki. Kazi imebaki.

Juu kabisa kuna anga la buluu nzito, msalaba wa dhahabu katikati, na nyota za dhahabu kwa mamia zikiuzunguka kwa duara zinazopungua. Mwalimu aliniambia nisitazame juu kwanza, nitembee hatua moja tu kwenda kulia. Nikatembea. Nyota za upande mmoja zikalala, za upande mwingine zikaamka. Nikarudi, zikabadilishana. Hakuna pimamaji iliyowahi kugusa ukuta ule. Kila kipande kimeinamishwa kivyake, na kila kimoja kina wakati wake wa kuwaka.

Nimeandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa: KILA KIMOJA KIVYAKE.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya chokaa. Mbinu ya karakana hii, ambayo mafundi wa Ravenna wameitumia sana kwa ajili ya nakala, ni ya kupindua mara mbili. Unajaza trei ya mbao chokaa iliyolowekwa, laini kama siagi, haina saruji wala mchanga. Unahamishia mchoro juu yake, kisha unapachika vipande uso ukitazama juu. Ukiifunika chokaa kwa kitambaa kibichi haikazi upesi, kwa hiyo una siku nyingi za kung'oa na kurudia. Ukimaliza unagandisha shashi usoni kwa gundi, unapindua, unaosha chokaa yote mgongoni, unaweka lipu ya kudumu, unapindua tena, unabandua shashi kwa maji ya moto.

Mafundi wa karne ya 5 hawakuwa na nafasi hiyo. Walipachika moja kwa moja ukutani, kwenye tabaka la mwisho la lipu likiwa bado bichi, eneo linalotosha kazi ya siku ile tu. Chini yake paliweza kuwa na mchoro wa kuwaongoza. Huko Classe, kilomita chache kusini mwa mji, mozaiki za apsi, yaani ukuta wa nusu duara mwishoni mwa kanisa, zilipobanduliwa kwa ukarabati katika karne ya 20, ulionekana chini yake mchoro wa udongo mwekundu wenye tausi na ndege wengine. Juu yake leo wapo kondoo. Mtu alibadilisha mawazo jukwaa likiwa limeshasimama, na fundi akafuata. Kila fundi anayemjua mwenye nyumba analielewa hilo.

Chokaa niliijua kabla ya vigae. Baba alipanga matumbawe juu ya rundo la magogo, akachoma, kisha akamwagia maji mawe yaliyoungua hadi yakavuma na kusambaratika kuwa unga. Leo nilipofungua pipa la Mwalimu nikakutana na harufu ile ile, na nikasimama kidogo kabla ya kuanza.

Jumamosi, 25 Januari

Kioo. Hutoka Venice kikiwa mabamba ya duara mfano wa chapati nene, na mafundi hukiita simalti. Kigae mimi hukikata kwa mashine, mstari ulionyooka. Simalti haikatwi, hupasuliwa. Kuna patasi fupi iliyosimikwa kwenye gogo, makali juu. Unakishika kioo kwa vidole viwili juu ya makali na kukipiga kwa nyundo iliyopinda yenye ncha mbili. Uso unaotakiwa kuonekana ni ule uliopasuka, maana ndio wenye rangi hai. Siku nzima nimepata bakuli mbili za vipande vizuri na vidole vitatu vyenye plasta.

Dhahabu ni jambo jingine: jani jembamba la dhahabu limebanwa kati ya kioo cha chini na utando wa kioo juu, ndiyo maana haijachakaa kwa miaka 1,500.

Mwalimu alinieleza kwamba vipimo vya kikemia vinaonyesha kioo cha enzi zile kiliyeyushwa kwa wingi Misri na Shamu, kwa mchanga na magadi. Nikamwomba arudie. Magadi! Sisi tunaitia kwenye makande ili yaive upesi, na tuna ziwa zima la magadi mpakani na Kenya. Yale ya wale mafundi yalitoka jangwani Misri, lakini ni kitu kile kile. Shaba ikawapa kijani na nyekundu, kobalti ikawapa buluu.

Jumamosi, 8 Februari

Sikupachika hata kipande kimoja. Mwalimu anaamini siwezi kupachika njiwa kabla sijaielewa nyumba yao, kwa hiyo siku nzima tumekuwa kanisa la San Vitale, lililo hatua chache tu kutoka kaburini na ambalo umri wake ni mdogo kwa takriban miaka mia.

Aliniuliza kwanza kwa nini makanisa ya mwanzo hayafanani na mahekalu ya Kirumi. Sikujua. Hekalu lilikuwa makao ya sanamu ya mungu. Watu walisimama nje, na madhabahu ilikuwa nje. Wakristo, walipopata uhuru wa kuabudu mwaka 313, walihitaji nyumba ya kukusanyika ndani, wengi kwa pamoja, wasikie Neno na kula meza moja. Kwa hiyo hawakuiga hekalu, waliiga basilika, ule ukumbi mrefu wa mahakama na biashara: safu mbili za nguzo, paa la katikati likiinuka ili madirisha yapate nafasi juu, na mwishoni apsi, ukuta wa nusu duara pale alipokaa hakimu. Ndiyo sababu kwa nje ni matofali tu. Utajiri wote uliwekwa upande ule walikosimama watu.

San Vitale si basilika. Ni pembe nane na kuba katikati. Lilianzishwa na Askofu Ecclesius, karibu mwaka 526, likawekwa wakfu na Askofu Maximianus mwaka 547. Fedha zilitoka kwa mtu mmoja aitwaye Julianus Argentarius: sarafu za dhahabu 26,000. Fedha zile zilivuka tawala mbili, maana Wagothi walikuwa wakitawala jengo lilipoanza na jeshi la Justinianus, mfalme wa Warumi wa Mashariki, lilikuwa limeshauteka mji lilipomalizika.

Kuba ndilo lililonishika. Halikujengwa kwa mawe wala kwa zege. Limejengwa kwa vijibomba vya udongo wa kuchoma, kila kimoja kikiingiza mdomo wake kwenye tako la mwenzake, vikizungushwa duara juu ya duara. Ni jepesi mno kwa ukubwa wake, kwa hiyo kuta hazikuhitaji kuwa nene, na ukuta usiohitaji kuwa mnene unaruhusu madirisha makubwa. Mbinu hii ilitumika sana Afrika ya Kaskazini, hasa Tunisia ya leo, kabla ya siku hiyo. Nilikaa kwenye benchi nikitazama juu hadi shingo ikauma. Nimeshazoea kufikiri kwamba mtu wa vigae huja mwisho, jengo likiwa limekwisha. Pale fundi wa kuba na fundi wa mozaiki walikuwa na kazi moja: kuuingiza mwanga, kisha kuupa kitu cha kufanya.

Justinianus yuko ukutani na sahani ya mkate, Theodora mkewe anamkabili na kikombe cha divai, wote wawili wakielekea altareni katika mji ambao hawakuwahi kuukanyaga. Kwenye pindo la vazi la Theodora wamo Mamajusi watatu wakipeleka zawadi zao, wadogo, kwa uzi wa dhahabu. Vito vyake vingine ni gamba la chaza, na ukisogea vinabadilika kuwa vya waridi.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa niliingia peke yangu makumbusho ya askofu mkuu kuona kiti cha Maximianus. Kiti kizima kimefunikwa mabamba ya pembe ya ndovu, na habari ya Yusufu imechongwa pembeni, tangu ndugu zake wanamtupa shimoni. Ni cha karne ya 6. Karne ile pembe za ndovu za Afrika ziliufikia ulimwengu wa Warumi kwa wingi kupitia Adulis, bandari ya Waaksumu, watu wa dola ya kale ya Ethiopia, kwenye Bahari ya Shamu. Nilikizunguka mara nne. Tunapozungumza habari za makanisa haya tunataja Roma na Konstantinopoli, na ni sawa, lakini hakuna ndovu Konstantinopoli.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeanza bamba la pili. Buluu ya nyuma robo tatu imekwisha. Naanza na nyuma ili mkono ujifunze kuinamisha kabla haujagusa ndege.

Mchana tulipita Sant'Apollinare Nuovo, kanisa alilolijenga mfalme Theodoriki wa Wagothi karibu na jumba lake. Yeye na watu wake walikuwa Waario, ambao kwao Mwana si sawa na Baba. Ukutani kuna picha ya jumba lenyewe: matao, nguzo nyeupe, na kati ya nguzo mapazia. Mwalimu akaniuliza, kama fundi, naona nini. Nikaona viraka. Vipande vya mapazia ni vya mkono mwingine, na kingo zake hazikutani vizuri na za mwanzo. Kisha nikaona mkono. Mkono wa mtu, hadi kifundo, umelala juu ya nguzo nyeupe, na hauna mwenyewe. Kisha mwingine.

Kati ya zile nguzo walikuwapo watu, Theodoriki na wakuu wake kama inavyodhaniwa. Mwaka 540 Ravenna ikachukuliwa na jeshi la Justinianus, na miaka ishirini hivi baadaye Askofu Agnellus akalifanya kanisa kuwa la Wakatoliki. Watu wakang'olewa, mapazia yakapachikwa. Lakini kuzing'oa zile nguzo kwa ajili ya vidole ingekuwa kazi kubwa zaidi, basi fundi akaviacha. Nimewahi kuambiwa nifunike jina la mtu lililoandikwa kwa vigae mlangoni pa nyumba iliyouzwa, na nilifunika. Nilimfikiria yule fundi njia nzima ya kurudi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kumsumbua kaka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Baridi imekuacha?"

"Inaniacha. Kaka, naomba unisaidie. Uende kigangoni, umwombe katekista ufunguo, upige picha ya ule ukuta juu ya kisima. Saa moja asubuhi, saa tatu, na saa kumi jioni."

"Ukuta mtupu?"

"Huo huo mtupu. Nataka kuuona mwanga."

Kaka naye ni fundi, wa lipu, na hakuuliza tena. Picha zimefika kabla ya usiku pamoja na maelezo marefu ya sauti. Dirisha liko kushoto, juu kidogo ya kichwa cha mtu, upande wa mashariki. Jua huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu, hushuka ukutani hadi karibu saa tatu, kisha mwembe ulioko nje hulizuia mpaka kesho. Jioni ukuta una mwanga wa kawaida tu, hafifu. Ubatizo hufanyika baada ya misa ya kwanza, kama saa mbili na nusu. Kwa maneno mengine, saa ile ile ambayo jua bado liko ukutani.

Sasa nina hesabu ya kupiga. Kipande kinachowaka ni kile kinachotazama katikati, nusu ya njia kati ya dirisha na jicho la mtu. Wanaosimama kisimani si wa urefu mmoja: yupo padre, wapo wazazi na wasimamizi, wapo watoto wadogo walioletwa kumwona ndugu yao akibatizwa. Nimeamua dhahabu ya ukingo wa bakuli iinamie kushoto, lakini kwa zamu: kipande kwa ajili ya mtu mzima, kipande kwa ajili ya mtoto, kimoja chini zaidi ya kingine. Buluu ya nyuma, niliyokwisha kuipachika nikiwa na mwanga wa karakana kichwani, imebidi nusu yake niing'oe. Chokaa ilikuwa bado laini, ikakubali.

Hapa ndipo ninapoona faida ya kaburi lile kuliko kitabu chochote. Wale njiwa wako chini ya dirisha, mwanga uko juu yao nyuma ya migongo yao, na mitume wamesimama pembeni mikono imeinuliwa. Kuipeleka Tanga kama ilivyo, pembe kwa pembe, kungekuwa kupeleka kazi iliyopimwa kwa dirisha la watu wengine.

Jumamosi, 29 Machi

Kifua cha njiwa wa kulia. Nilifikiri nitahitaji nyeupe mbili. Nimetumia tisa: ya maziwa, ya majivu, yenye buluu kwa mbali, yenye kijani pale kivuli cha bakuli kinapoangukia, nyingine karibu na rangi ya ngozi ya kitunguu. Vipande havipangwi kwa safu za sakafu, hufuata mwili: shingoni vinazunguka, kifuani vinashuka, mbawani vinakwenda urefu wa unyoya. Ukiipata njia, ndege anajijenga mwenyewe.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Ukristo. Plinius, mwandishi wa Kirumi, ameandika juu ya fundi Mgiriki, Sosus wa Pergamo, aliyemtengeneza njiwa akinywa maji na kivuli cha kichwa chake majini. Mozaiki ya njiwa wa aina hiyo iliyochimbuliwa mwaka 1737 kwenye makazi ya mfalme Hadrianus huko Tivoli ina vijiwe vidogo sana, kana kwamba imechorwa kwa brashi. Sosus alitaka uamini ni ndege. Fundi wa Ravenna hakujishughulisha na hilo. Alipanua vipande, akaacha nafasi kati yao zionekane, akawaweka ndege mahali ambapo maji si ya bakuli tena. Kwenye mikono miwili ya jengo lile lile wapo ayala wakiyajia maji, wa ile zaburi ya 42. Mimi nawapenda wa Ravenna zaidi, na nimeshabishana na Mwalimu kuhusu hilo mara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Shashi, gundi, kupindua. Kona ya chini kulia gundi haikuwa imekauka, nami nilikuwa na haraka ya Jumapili ya Matawi. Tulipopindua vipande arobaini na kitu viliporomoka. Nilikuwa na picha za kila eneo, nikavirudisha hadi saa nne usiku, kutokea nyuma, uso ukiwa chini, jambo gumu kuliko nilivyodhani.

Lipu ya kudumu: chokaa na unga wa tofali, Warumi waliitumia kwenye matangi ya maji. Mwalimu alipendekeza niongeze saruji kidogo kwa ajili ya safari. Nimekataa. Ukuta wa kigango ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na upepo wa bahari unaufikia; nataka bamba na ukuta vipumue namna moja.

Jumamosi, 3 Mei

Lipu imekaza vya kutosha. Maji ya moto, sifongo, shashi ikaanza kuachia kwenye kona niliyoihofia. Kona imeshika. Kilo 24 kwa mizani ya karakana. Litakaa hapa likomae hadi Agosti, ndipo lifungwe kwenye sanduku.

Mwalimu alizima taa, akawasha mshumaa, akaushika kushoto, juu kidogo ya kichwa chake, mahali pa dirisha letu. Ukingo wa bakuli uliwaka. Akaniambia nipige magoti. Ukawaka tena, vipande vingine.

Tulipowasha taa tuliona njiwa wa kushoto hana jicho. Limebanduka na shashi. Tulilitafuta sakafuni, kwenye sifongo, kwenye ndoo ya maji machafu, hatukulipata. Nimepasua jipya, jeusi lenye wekundu kwa ndani, mara ya sita ndipo likaja la ukubwa wake. Nimeliinamisha kidogo kushoto, nikalibana kwa kidole hadi chokaa iliposhika.